Aliyekula Firigisi Nyuma ya Ukuta

Hebu mfikirie mama mmoja wa Mwankoko, pale Singida mjini, anashuka kwenye gari dogo katika mtaa wa mawe, nchi ya mbali, mwezi wa kumi, baridi inamuuma masikio. Mwone alivyo. Mfupi, mnene kiasi, umri umevuka sitini, baibui jeusi na juu yake sweta la kijivu lenye mikono mirefu kupita mikono yake. Mkono mmoja umeshika begi. Wa pili ameukandamiza ubavuni, mahali ambapo ndani ya gauni ameshonea mfuko. Haangalii milima iliyouzunguka mji, wala mnara wa saa juu ya kilima, wala zile nyumba za kale za mbao na chokaa ambazo watu hupanda ndege kuja kuzipiga picha. Ameinua kichwa anaitazama nyumba moja tu, ya ghorofa tatu, ile ya juu imejitokeza mbele kana kwamba inachungulia barabarani, na midomo yake inacheza. Anahesabu madirisha.

"Ishirini na sita," alimwambia binti yake aliyetoka mbio kumpokea. "Humu ndani mnaishi wangapi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Rukaya alicheka, akambusu mkono, akauweka kwenye paji la uso wake, jambo ambalo hakufundishwa Mwankoko. "Ingia kwanza, Mama. Utapata homa."

Bi Kuluthumu akaingia. Lakini aliweka akilini kwamba swali lake halikujibiwa, na kwa Bi Kuluthumu swali lisilojibiwa halilali.

Si kosa lake. Miaka thelathini amekuwa akinunua kuku wa kienyeji, pale njiapanda ya Mkiwa na vijiji vya Mgori, akiwapanga kwenye matenga na kuwapandisha mabasi ya Dar es Salaam. Kazi hiyo haimpi mtu moyo wa kuaminiamini. Kuku analetwa anang'aa, kifua kimejaa; Bi Kuluthumu anampulizia manyoya ya mkiani aone ngozi, anamfunua bawa, halafu anambinya gole, kile kifuko cha chakula shingoni. Wapo wanaomshindilia kuku pumba na maji alfajiri ili aonekane ameshiba miezi. Yeye vidole vyake vinajua. Anamrudisha kuku kwa mwenyewe bila ugomvi, anasema tu, "Huyu mpe jirani yako."

Sasa binti yake wa pekee, Rukaya, alikuwa karani wa stoo kwenye kambi ya wajenzi wa reli kule Manyoni. Huko akapatana na Ferhati, Mturuki, fundi mpima. Kijana mpole, Mwislamu, akaja na wazee wake wa kuazima, ndoa ikafungwa Singida mchana kweupe. Kazi yake ilipokwisha akamchukua mkewe kwenda kwao Uturuki, mji wa Safranbolu. Mwaka wa kwanza simu zilikuwa tamu. Mwaka wa pili Bi Kuluthumu akaanza kuona mambo. Kila Ijumaa Rukaya akipiga simu ya picha, nyuma yake ni ukuta uleule mweupe na kabati lilelile la mbao. Na kila mara, hata mazungumzo yawe yamenoga vipi, ghafla binti anageuza kichwa, kisha anasema haraka, "Mama, nakata, naitwa."

Anaitwa na nani? Mbona sauti ya anayeita haisikiki?

Dorika, mwenzake wa biashara pale Mkiwa, ndiye aliyemwaga chumvi kwenye kidonda. "Mama Rukaya," alimwambia mbele ya wateja, "wewe kuku humnunui bila kumbinya gole. Mkwe ulimbinya wapi?"

Watu walicheka. Bi Kuluthumu naye alicheka. Usiku huo hakula. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekata pasi ya kusafiria na tiketi. Tiketi mbili, maana yake: moja yake, ya kwenda na kurudi, na moja yenye jina la Rukaya, ya safari moja tu, Istanbul hadi Dar es Salaam, inayoruhusu kubadilishwa tarehe ndani ya mwaka mmoja. Ya Rukaya aliitia kwenye bahasha ya kaki, akaishonea ubavuni. Hakumwambia mtu. Siku nane zilimtosha kumkagua kuku yeyote. Akimwona binti yake yuko salama, atairudisha bahasha nyumbani. Akimwona vingine, watapanda ndege wawili.

Basi tuingie naye ndani.

Mlangoni alivuliwa viatu, akapewa ndala za ndani. Mama mkwe wa Rukaya, Bi Nuriye, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha maua kichwani, akamkumbatia, kisha kabla hajaketi akamminia viganjani maji yenye harufu kali ya limau. Bi Kuluthumu akayanusa. Akamtazama binti yake.

"Kwetu kabla hujakaa unapewa maji ya kunywa. Haya ya kunipaka marashi nikiwa mzima ni ya nini?"

"Wanamkaribisha mgeni hivyo, Mama. Ni usafi."

"Nimeoga Istanbul."

Ferhati akatoka chumba cha pili, mikono ameifumba kifuani kwa heshima. "Shikamoo, Mama! Kuku hawajambo?" Kiswahili chake kilikuwa cha kambini Manyoni, kimechongwa na mafundi wa zege, lakini kilikuwepo.

"Hawajambo, baba. Wanakusalimu."

Chumba alichopewa kilikuwa na makochi marefu yaliyozunguka kuta tatu chini ya madirisha, na dari ya mbao iliyochorwa nyota. Kilikuwa kizuri, hata yeye alikiri moyoni. Akafungua kabati atundike baibui. Ndani hakukuwa na misumari wala rafu. Kulikuwa na sakafu ya bati yenye tundu. Rukaya akamweleza kwamba hilo ni kabati la kuogea. Watu wa zamani waliogea humo, mlango ukifungwa mgeni hajui.

"Mgeni hajui," Bi Kuluthumu alirudia polepole. Usiku huo aliegemeza begi lake kwenye ule mlango wa kabati ndipo akalala.

Asubuhi alishuka jikoni, na hapo akaliona. Ukuta mweupe. Kabati la mbao. Ndilo lile la kwenye simu, na kumbe halikuwa kabati kama makabati mengine. Lilikuwa duara kama pipa lililosimama, limepachikwa ukutani, na lilikuwa linazunguka. Lilikuwa na rafu upande mmoja tu. Ukiweka sahani upande huu ukalisukuma, sahani inapotelea upande wa pili wa ukuta na wewe unabaki unatazama mgongo wa mbao.

"Zamani," Rukaya alisema huku anakata vitunguu kwa haraka isiyokuwa na sababu, "wanaume wageni walikaa ule upande, wanawake huku. Chakula kinapita, watu hawaonani."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi ni mapambo tu. Watalii wanayapenda."

Bi Kuluthumu akapitisha kidole kwenye rafu ya mapambo hayo. Hapakuwa na vumbi hata chembe. Palikuwa na punje moja ya wali.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio. Ferhati alikuwa amenunua kuku wawili wa kijijini, na hapo mama wa Mwankoko alijisikia yuko kazini. Aliwabinya magole. Walikuwa safi. Akasimama juu ya kichwa cha Bi Nuriye mpaka kuku wakanyonyolewa na kupasuliwa, akaona kwa macho yake firigisi mbili, nono, zikichanwa, zikaoshwa na kuwekwa kwenye kibakuli cha bluu.

Unajua mwenyewe, firigisi kwetu si nyama tu. Kuku ukimchinjia mgeni, unamwekea firigisi mbele yake, na kwa hiyo anajua huyu kuku alikufa kwa ajili yangu. Tangu mumewe afariki, na yeye kuwa ndiye mkubwa wa nyumba, Bi Kuluthumu hajawahi kukaa kwenye kuku ambaye firigisi yake ilikwenda kwa mwingine.

Mchana sinia ikaja. Wali wa rangi ya dhahabu, una zafarani, maana mji ule unalimwa zafarani na jina lake limetoka humo. Kuku juu yake ameiva mpaka mfupa unaachia. Mkate wa moto uliojazwa mboga na jibini. Bi Kuluthumu alikula, na chakula kilikuwa kizuri mno kiasi cha kumkera. Alipitisha kijiko chini ya wali upande wa kulia. Akapitisha wa kushoto. Akainua paja la kuku kana kwamba anatafuta chumvi.

Firigisi hazikuwemo.

Akazungusha macho mezani. Ferhati hakuwa nazo. Bi Nuriye hakuwa nazo. Na pale nyuma ya bega la Rukaya, jikoni, kibakuli cha bluu hakikuwepo tena juu ya meza, na lile pipa la mbao lilikuwa limegeuka, likionyesha mgongo.

Ndipo Bi Kuluthumu alipojumlisha. Madirisha ishirini na sita. Swali lisilojibiwa. Mama nakata, naitwa. Na sasa nyuma ya ukuta yuko mtu anayeheshimiwa kuliko mgeni aliyetoka Singida kwa ndege. Katika nyumba ya mwanamume kijana, mtu wa namna hiyo anayefichwa ni nani? Ni mke. Mke mkubwa! Na binti yangu ndiye anayempikia.

Siku mbili zilizofuata walimtembeza, naye alitembea macho pembeni. Alipelekwa kijijini kuona maua ya zafarani, ya zambarau, yameota ardhini peke yake bila majani ya maana, wanawake wameinama wanayachuma kabla jua halijapanda. Aliingia hamamu ya kale, akasuguliwa mgongo na mwanamke mwenye mikono kama ya mbeba magunia, akatoka mwepesi kama kifaranga. Dukani alionjeshwa lokumu, halua laini iliyoviringishwa kwenye unga wa sukari. Akaila moja, akaomba ya pili ili ahakikishe ile ya kwanza. Kila mahali watu walimwita mama, wakamletea chai kwenye vigilasi vyenye kiuno. Na kila mahali, ikikaribia saa saba mchana, Rukaya anatazama saa. "Mama, turudi nyumbani."

Siku ya tano Rukaya alitumwa mkate, Bi Nuriye yuko juu anatandika. Bi Kuluthumu aliingia jikoni na lokumu moja mkononi. Aliiweka kwenye rafu ya kabati. Akasukuma. Mbao zikalia kidogo, lokumu ikaenda zake. Akahesabu mpaka ishirini, akazungusha tena.

Rafu ilirudi na unga wa sukari tu.

Kisha ukuta ukagongwa. Ko, ko, ko. Mtu wa upande wa pili alikuwa anataka nyingine.

Hakusubiri mkate ufike. Alivaa viatu akamfuata binti yake, akamkuta kwenye ile njia nyembamba iliyofunikwa mizabibu, ambako zamani mafundi walishona viatu vya ngozi.

"Rukaya. Nyuma ya kabati yuko nani?"

Binti alikumbatia mkate kifuani.

"Ni mke mwenzio?"

Jamani, Rukaya alicheka mpaka mwenye duka akatoka nje. Halafu bila kituo kicheko kikageuka, akawa analia, amesimama palepale na mkate wake.

"Twende," alisema. "Twende ukamwone mke mwenzangu."

Walizunguka nyumba, wakaingia kwa mlango wa nyuma ambao Bi Kuluthumu alikuwa ameuona siku ya kwanza akadhani ni wa stoo. Chumbani, kwenye kochi karibu na ule ukuta, alikaa mzee mkongwe, kofia ya sufu kichwani, unga wa sukari kwenye ndevu. Alipomwona mgeni alivuta blanketi mpaka kidevuni, akamkodolea macho ya mtu anayeibiwa.

"Babu yake Ferhati. Mzee Hikmeti," Rukaya alinong'ona. "Alikuwa fundi viatu kule tulikotoka. Kumbukumbu zimemkimbia. Yeye anadhani bado ni zamani, wanawake wako upande wao. Chakula kikiletwa kwa mlango anasema kimetoka kwa wezi, kina sumu, anakirusha. Kikipita kwenye kabati anakula. Lakini mpaka nimsemeshe kutoka jikoni. Sauti yangu. Nikimsemesha Kiswahili ndiyo kabisa, anatulia. Hakuna anayejua kwa nini. Siku nilipolazwa na homa hakula siku mbili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nimeolewa niwe yaya."

"Na sivyo?"

Rukaya alimfuta mzee ndevu kwa ncha ya mtandio. "Mama Nuriye aliona aibu. Alisema, mgeni akae kwanza, atuzoee, ale, ndipo tumwonyeshe. Na firigisi mzee amezipenda tangu ujana, Mama. Nilijua utazitafuta. Nilikuona unachimba wali."

Bi Kuluthumu hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya binti yake: mikavu, kucha zimekatwa fupi. Akamtazama usoni. Amenenepa kidogo. Macho yamechoka. Alimfunua bawa, kama unavyoweza kusema, na hakujua alichokiona.

"Una raha, mwanangu?"

Ukutani pakagongwa. Ko, ko, ko. Mzee alikuwa anagonga kwa kifundo cha kidole huku bado anamkodolea mgeni.

"Subiri, Mama," alisema Rukaya. "Nimlishe kwanza."

Na baada ya kumlisha swali halikurudiwa. Bi Kuluthumu alisubiri lirudiwe na mwenye kuulizwa, si na yeye. Siku zilizobaki aliangalia. Bi Nuriye, sasa siri ikiwa imetoka, alimkalisha jikoni, wakakunja pamoja vimaandazi vya nyama vidogo kama ukucha, wanacheka bila lugha. Ferhati jioni alimbeba babu yake mgongoni kumpeleka kuoga. Walikuwa watu wema, vidole vya Bi Kuluthumu havikupata pumba wala maji. Lakini watu wema nao wanaweza kumchosha mtu wa mwenzao mpaka akaisha, bila kukusudia, kwa shukrani nyingi na vyombo vingi. Hilo nalo alilijua. Mara mbili aliwakuta Ferhati na Rukaya wakizungumza Kituruki, wakanyamaza alipoingia. Huenda walikuwa wanapanga zawadi yake. Huenda.

Siku ya mwisho, mchana, wakachinja tena kuku wawili, na firigisi zikatangulia kwa mzee kupitia kabati. Rukaya alikuwa upande wa pili kwa mzee, maana mzee siku hiyo alikuwa na kikohozi. Bi Kuluthumu alibaki jikoni peke yake. Alikaa. Akatazama lile kabati. Kisha akachukua kisu cha vitunguu, akafumua mshono wa ubavuni, akatoa bahasha ya kaki ambayo joto la mwili lilikuwa limeilainisha. Maneno ya kumwambia binti yake macho kwa macho hakuyapata. Kumwambia nini, njoo nikuokoe? Kutoka kwa mzee anayelamba sukari?

Akaiweka bahasha kwenye rafu, jina la Rukaya likiangalia juu. Akasukuma.

Upande wa pili kikohozi kilinyamaza. Karatasi ikachakarika. Bi Kuluthumu akasubiri mpaka sufuria ya wali ikaanza kuungua kwa chini naye hakunyanyuka kuipunguzia moto.

Kisha mbao zikalia. Kabati likazunguka lenyewe, likarudi.

Palikuwa na kibakuli cha bluu. Ndani yake firigisi mbili zilizokaangwa, na kipande cha limau pembeni. Bahasha haikuwemo.

Bi Kuluthumu alizila zote mbili, amesimama, kwa mikono. Zilikuwa zimeiva sawasawa, na pilipili ya kutosha. Kila alipotafuna aliwaza: ananiambia asante, mama, ninakaa, wewe ndiwe mgeni wangu mkubwa? Au ananiambia nimepokea, nyamaza?

Wakati wa kuondoka Rukaya alimkumbatia kwa nguvu, muda mrefu, na juu ya bahasha hakutamka neno. Gari lilipoanza kuondoka Bi Nuriye alitoka na jagi, akamwaga maji barabarani nyuma ya gurudumu. Bi Kuluthumu akageuka kitini.

"Ferhati, kwetu maji tunamtupia mbwa mwizi."

"Hapana, Mama!" Ferhati alicheka huku anaendesha. "Hapa tunamwagia msafiri. Aende kama maji, arudi kama maji. Arudi haraka."

"Arudi wapi, baba?"

Ferhati alitabasamu, akaongeza mwendo.

Siku hizi Bi Kuluthumu yuko Mkiwa kama zamani, anapuliza manyoya, anabinya magole. Dorika alimuuliza siku ya kwanza tu, "Eeh, umemkagua mkwe?" naye akajibu, "Ni mzima," akafungua kifuko cha lokumu, wakala wote mpaka vidole vikawa vyeupe. Dorika hakuuliza tena.

Simu za Ijumaa zinaendelea. Ukuta ni uleule, na kabati ni lilelile. Rukaya anacheka, anaeleza mvua, anamsalimia kila kuku, halafu anageuza kichwa. Mama, nakata, naitwa. Sasa mama anajua anaitwa na nani, na anapaswa kuwa ametulia.

Ila kuna kitu kimoja kimeongezeka kwenye picha. Juu ya kabati, imesimamishwa vizuri ikiegemea ukuta, kuna bahasha ya kaki. Haijachanwa zaidi ya pale ilipofunguliwa mara moja. Haijatupwa. Wiki zinapita, haisogei, na uhai wake bado miezi kadhaa. Bi Kuluthumu huiona kabla hajauona uso wa mwanawe, na hajawahi kuitaja, kwa sababu anaogopa ikitajwa haitakuwepo Ijumaa inayofuata.

Sasa niambie wewe uliyekaa naye mpaka hapa: mtu aliyeridhika na alipo, na anajua mama yake ana macho ya namna gani, angeiweka bahasha ile mahali pale ili iweje?